Majaruba ya Maji ya Mawese

Siku tuliyomzika Mama Speransia sikuweza kukaa. Nilipewa kiti cha plastiki mbele, pamoja na wageni waliotoka Mpanda mjini, nikakikalia kwa muda wa wimbo mmoja, nikasimama. Nikaenda jikoni kusaidia, akina mama wakaninyang'anya mwiko wakisema mgeni hapikishwi. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na kinu, nikarudi, nikakaa tena, nikasimama tena. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ndivyo nilivyo. Nimepita umri wa miaka hamsini na watu wanaonifahamu huniita kiguu na njia, na wanaposema hivyo hucheka, nami hucheka nao. Lakini pale Kasekese, mbele ya jeneza la mtu aliyenilisha mwaka mzima, sikuona cha kuchekesha. Miguu yangu iliwahi kuharibu kitu mahali pale, kwa sababu tu haikuweza kusubiri wiki moja, na nilikuwa nimerudi kumzika mtu wa mwisho aliyejua habari hiyo, na hakuisema kwa mtu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa, na Katavi lilikuwa jina la hifadhi tu. Nilifika Kasekese kwa lori la mahindi, nina miaka ishirini, nina cheti cha kidato cha nne chenye alama moja ya kujivunia, ya kemia, na mpango wa kukaa mwezi mmoja kisha nipande treni ya Tabora na kwenda mbele zaidi, popote. Mama Speransia alikuwa kiongozi wa akina mama kumi na wawili wenye kinu cha mawese. Alihitaji mtu anayejua kuandika na asiyeogopa moto. Akanipa chumba nyuma ya kinu, chenye kitanda cha kamba, msumari mmoja ukutani na pazia la gunia mlangoni. Kila kitu mle kilikuwa na rangi ya mawese. Kuta, mto, kucha zangu. Begi langu nililiweka chini ya kitanda bila kulifungua, nikawa natoa nguo moja moja na kuirudisha humo humo baada ya kuifua, kana kwamba lori lingepiga honi wakati wowote. Mwezi ukapita, na wa pili. Nilikuwa najiambia kila Jumatatu kwamba Jumatatu ijayo naondoka.

Tulikula pamoja, mimi na Mama Speransia na wifi yake Goreti, jikoni kwake, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese hadi yakawa mekundu. Jumamosi walipatikana dagaa wa ziwani. Mama alikula taratibu, akizungusha tonge kwenye mchuzi kama mtu asiye na haraka na dunia, nami nilikuwa nimeshanawa mikono kabla hajafika nusu. "Yustina," aliniambia siku moja, "chakula hakikufukuzi." Ukuta uliotenganisha jiko lake na chumba changu haukufika juu, hivyo kila jioni niliwasikia yeye na Goreti wakiongea Kirundi, lugha niliyoishi nayo mwaka mzima bila kuielewa, isipokuwa pale jina langu lilipopita. Nililala nikikisia walichosema juu yangu. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu hudhani anazungumzwa yeye tu.

Shida ya kinu ilikuwa maji. Chikichi zilichemshwa kwenye mapipa, zikapondwa, zikamiminwa na maji kwenye hodhi la saruji, mafuta yakapanda juu tukayakomba kwa kata. Yaliyobaki yalikuwa maji mazito ya rangi ya udongo, yenye harufu kali ya kuchacha, mengi kuliko mafuta yenyewe. Miaka yote yalikuwa yakifunguliwa asubuhi ya pili, yanateremka kwenye mfereji hadi mtoni. Mwaka ule mto ulipungua mapema, na uchafu ule ukatanda. Samaki wadogo wakaelea. Ukaitishwa mkutano wa kijiji, na aliyesimama wa kwanza alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na kundi kubwa la ng'ombe upande wa pili wa mto. Hakupaza sauti. "Ng'ombe wangu wanafika, wananusa, wanageuka," alisema. "Mimi sina ugomvi na akina mama hawa. Mke wangu anapikia mafuta yao. Lakini ng'ombe hana siasa. Akikataa, amekataa." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana wote walikuwa wanachota maji mto ule ule. Mwenyekiti wa kijiji akatoa uamuzi: mvua ya kwanza ikinyesha na maji ya kinu bado yanaingia mtoni, kinu kinafungwa. "Na msije kusema nimewafunga mimi," aliongeza. "Nyie ndio mtakuwa mmejifunga."

Bwana afya aliyekuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Mpanda alisema amewahi kusikia kwamba maji kama yale yakimwagwa yakawa ya kina kifupi, jua la kiangazi linayakausha, na kinachobaki kinawaka kama kuni. Alisema amesikia tu, hajaona. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema mimi naweza, nimesoma kemia. Hadi leo nikikumbuka nilivyosema maneno yale natamani ardhi inimeze, kwa sababu kemia niliyosoma ilikuwa ya kukariri majina. Lakini akina mama walinigeukia wote kwa pamoja, na Mama Speransia akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya. Tuanze kesho."

Usiku huo, ng'ambo ya ukuta, waliongea Kiswahili, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amepita kuwasalimia. Nilisikia Mama akisema, "Nimeshaanza upya mara mbili katika maisha yangu. Nilivuka mpaka na mtoto mgongoni, nikaanza. Tukahamishwa, nikaanza. Mara ya tatu sina nguvu, mwenyekiti. Kinu hiki kikifungwa, mimi nimekwisha." Mwenyekiti akakohoa, akasema sheria ni sheria, akaaga. Nikabaki nimelala macho, nikiwa na neno langu la mkutanoni limenikaa kifuani. Sikuwahi kuwa na mzigo wa mtu mwingine kabla ya hapo. Ulinifanya nitake kukimbia, na ulinifanya nisiweze.

Tulilima majaruba sita chini ya kinu, kama yale ya mpunga, hatua kumi na mbili kwa nane, yenye kingo za udongo. Aliyetufundisha kusiriba sakafu yake kwa mavi ya ng'ombe na udongo ili maji yasizame alikuwa mke wa Mzee Masanja mwenyewe, kwa sababu wao ndivyo wanavyosiriba viwanja vyao vya kupuria nafaka. Alikuja na ndoo yake ya mavi kichwani, akapiga magoti, akatuonyesha mkono unavyopita. "Mume wangu anawashtaki, mimi nawasiribia," alisema, na akina mama wakacheka mpaka wakaacha kazi. Kisha tukaanza kumwaga, kimo cha vidole vinne, jaruba moja kila siku ya kukamua. Kila asubuhi kabla sijanawa uso nilishuka kutazama. Nilikuwa natumbukiza kijiti, napima, napanda, nashuka tena saa nne, nashuka tena saa nane. Jua la Septemba lilikuwa linapasua midomo. Bwawa la bata la jirani lilikauka. Majaruba yetu hayakukauka. Yalikaa pale yakiwa na sura ya chai iliyosahauliwa, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jaruba la sita lilipojaa hatukuwa na pa kumwaga. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu kila jioni, "Vipi?" nami nikajibu, "Bado."

Kulikuwa na kona moja tu iliyokuwa inakauka. Jaruba la mwisho, lililopakana na njia ya watu, lilikuwa na sehemu ya ukubwa wa ungo ambako tope lilikuwa limepasuka na kujikunja kama ngozi. Nilidhani ni mteremko. Nikapima kwa chupa ya maji, mteremko ulikuwa upande mwingine. Jibu nililipata nikiosha vyombo. Nilikuwa nimeacha mabeseni mawili juani, moja la maji ya kusuuzia, jingine la maji ya sufuria ya maharage. Jioni, beseni la kwanza lilikuwa kavu kabisa. La pili lilikuwa limebaki na maji yake yote, na juu yake utando mwembamba wa mawese, mwekundu, umetulia kama kifuniko. Nikaacha vyombo, nikakimbia majarubani, nikapitisha kidole. Utando ulikuwa umefunika majaruba yote, isipokuwa ile kona. Nilikuwa nimejiuliza mwezi mzima kwa nini kona ile inakauka. Sikujiuliza nani anakomba mafuta pale.

Nilimkuta Mama akipepeta, nikamwambia kwa pumzi moja kwamba tuyakombe mafuta yote juu ya majaruba, yote, na kuanzia sasa tuyakombe hodhini hadi yaishe ndipo tumwage. Aliweka ungo chini. "Hapana," alisema. Kinu chetu kilikuwa na desturi ambayo nilikuwa nimeiona bila kuitia maanani. Mafuta yalikombwa mara tatu. Baada ya hapo kata ilioshwa na kutundikwa, na utando uliopanda usiku haukuwa wa mtu. Kabla ya majaruba, maji yalikuwa yanalala hodhini, na alfajiri mtu asiye na mafuta kwake alipita na kibuyu chake akakomba, akaenda zake. Hakuna aliyemsalimia, hakuna aliyemtazama. Lakini sasa, kwa haraka ya kukausha, maji tulikuwa tunayamwaga yakiwa bado na moto, na utando ulikuwa unapandia majarubani.

"Kata ikishaoshwa, ya juu si yetu," Mama alisema. "Mimi nilipofika nchi hii nililea mtoto kwa utando wa hodhi la watu. Hakuna aliyenipa na hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana niliweza kurudi kesho yake."

"Lakini Mama, hakuna anayekuja tena. Tangu tuanze majaruba sijaona mtu."

"Wewe hujaona." Akachukua ungo wake. "Nipe wiki moja. Nitazungumza na wanaokomba, tutachimba kishimo cha pembeni maji yapumzike kwanza. Wiki moja, Yustina."

Wiki moja. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa kila alasiri. Mwenyekiti alikuwa ameshatuma neno kwamba atakuja na watu wake mwisho wa mwezi. Nilihesabu siku kwa vidole, nikazihesabu tena, na kila nilivyohesabu zilipungua. Nilimwonea hasira Mama kwa utulivu wake. Nilijiambia kwamba anazama na kinu chake kwa ajili ya adabu ya kizamani, na mimi ndiye nitakayemwokoa asipende. Ukweli mwingine sikujiambia: kwamba nilitaka yaishe niondoke, na kwamba wiki moja ilikuwa wiki moja zaidi ya kitanda cha kamba.

Jumapili iliyofuata wote walikwenda kanisani. Nikasema tumbo linauma. Saa nne asubuhi, jua likiwa wazi na njia ikiwa tupu, nilishuka na kata na ndoo mbili, nikakomba majaruba yote sita, kuanzia ukingo hadi ukingo. Nilivuta utando kwa ubao kama mtu anayefuta meza. Sikubakiza hata jicho la mafuta. Nikapata ndoo moja na nusu ya mafuta yenye tope na harufu ya kuchacha. Nikasimama nayo. Kuyarudisha kwenye pipa la kinu nisingeweza, Mama angeijua harufu. Kuyapeleka jikoni, vivyo hivyo. Nyimbo za mwisho zilikuwa zinasikika kutoka kanisani. Nikachimba shimo nyuma ya choo, nikayamwaga, nikafukia, nikanawa mikono kwa majivu, nikaenda kulala na tumbo langu la uongo.

Majaruba mawili ya kwanza yalikauka kwa siku nne, na mengine kabla ya wiki kwisha. Ni raha niliyowahi kuipata mara chache sana, kuona kitu kilichokukataa kinakubali. Tope liligeuka, likapauka, likapasuka vipande vya ukubwa wa tofali, tukavinyanyua kwa majembe na kuvipanga bandani. Akina mama waliimba. Goreti alivunja kipande akakitia motoni chini ya pipa, kikawaka kwa mlio wa kukaanga. Mama Speransia alitembea kwenye kingo akitazama chini, jaruba moja baada ya jingine, hadi la mwisho lililo karibu na njia. Pale alisimama kwa muda. Kisha akanitazama, nikajua kwamba anajua. Jioni ile aliniwekea chakula kama kawaida, maharage mekundu, lakini yeye na Goreti waliongea Kirundi mwanzo hadi mwisho wa mlo, mbele yangu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya mezani. Ningependa anitukane. Matusi ningeyajibu.

Mwenyekiti alikuja na bwana afya na Mzee Masanja. Walichimba sakafu ya jaruba kwa jembe wakakuta pakavu. Mzee Masanja alinyanyua kipande, akakinusa, akakigonga na fimbo yake, akashuka hadi mtoni peke yake. Aliporudi alisema, "Jana wamekunywa." Hivyo tu. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake kwamba kinu kiendelee. Mama Speransia aliketi juu ya pipa lililopinduliwa na kulia, hakuficha uso, machozi yakimtiririka, mikono imelala magotini. Nami nililia. Nilikuwa nimemwokoa kweli. Hilo nalisema hata leo, maana ni kweli, na sitaki kujifanya kwamba sikufurahi.

Kesho yake Mama alijaza debe mafuta ya mkombo wa kwanza, masafi, ya kuuza, akalibeba mwenyewe kichwani akanambia nimfuate. Tulikwenda hadi nyumba ya mwisho kwenye njia inayopita majarubani, kwa Bibi Tekla, mwanamke mzee wa kabila la Wabende aliyeishi na mjukuu wake kiziwi. Nilikuwa nimempita mara nyingi nikimsalimia bila kusimama. Alikuwa amekaa mlangoni akibangua karanga. Mama aliliweka debe chini, akasalimu kwa kupiga magoti, akasema kwamba kinu kimepona na ameleta shukrani kwa majirani.

Bibi Tekla alilitazama debe. "Asante, mwanangu. Rudi nalo."

"Bibi, ni zawadi."

"Najua. Ndiyo maana." Aliendelea kubangua. "Haya ni ya kwako. Mimi nilikuwa nachukua yasiyo ya mtu. Ukinipa haya leo, kesho nikipita mbele ya kinu nitapita nimeinama. Nimezeeka, lakini napita nimenyooka."

Mama hakumbishia. Alilinyanyua debe, akatangulia njiani. Nilikuwa nyuma yake, nikitazama visigino vyake, nikaelewa ile kona ya jaruba, kibuyu cha alfajiri, na kwamba kikongwe huyu aliamka Jumatatu ile akakuta maji yamefutwa kavu, akarudi nyumbani akiamini kwamba Mama Speransia ndiye aliyemfungia. Hilo la mwisho ndilo lililonigeuza. Nilimwacha Mama aende, nikarudi mbio.

Nilimkuta Bibi Tekla palepale. Sikukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, nahema, kwamba si Mama Speransia aliyekomba. Ni mimi, Jumapili, wakati yeye yuko kanisani, na alikuwa amenikataza.

"Najua si yeye," alisema. "Yeye angebakiza pembeni." Akapuliza maganda mkononi. "Mwanzo nilidhani kuna mtu amehamia, mwenye shida. Nikasema, basi, zamu yake. Ulikuwa na njaa?"

"Hapana, Bibi."

"Uliyapeleka wapi?"

Nilitaka kudanganya, na kwa mara ya kwanza mwaka ule miguu yangu haikutaka kwenda popote. Nikamwambia. Nyuma ya choo. Nilichimba shimo nikayafukia.

Mjukuu wake alitoka ndani, akatutazama, akarudi ndani. Bibi Tekla alikusanya karanga zake kwenye ungo, akasimama polepole akishika mwimo wa mlango.

"Ungeyala, mjukuu wangu," alisema. "Ungeyala, ningesema alikuwepo mwenye shida kuliko mimi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.